Somo, shingo yangu imekuwa ya mbao

Somo, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, nimezaliwa na kukulia kambi ya polisi Naguru, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichonilea hata kama mtaani naongea Kiganda. Nafanya kazi katika duka la vitenge vya jumla, Kikuubo, hapa Kampala. Kazi yangu ni mbili kwa wakati mmoja: kujibu wateja kwenye WhatsApp, na kupeleka mizigo Arua Park wanakopakia magari ya Arua, Koboko na Juba. Naenda na kurudi kama mara tatu kwa siku. Robota anabeba mchukuzi kichwani, mimi natangulia kumfungulia njia, simu mkononi, maana njia nzima wateja hawaniachi. "Dada, ile ya maua bado ipo?" "Nitumie picha ya bluu." "Pisi kumi mwisho ngapi?" Bosi wangu, mama mmoja mchapakazi sana, ameweka kanuni kwamba mteja asipitishe dakika moja bila jibu. Akaunti ya duka ameifungua na kwenye simu yake, kwa hiyo anaona kila kitu. Akiona ujumbe umesomwa na mimi sijajibu, ananipigia.

Sasa ni mwezi wa tatu shingo inaniuma. Maumivu yanaanzia kisogoni, yanashuka upande wa kulia mpaka kwenye bega. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Naamka shingo imekuwa ya mbao, mtu akiniita nageuka mwili mzima kama roli. Ikifika saa kumi jioni kichwa nacho kinaanza kugonga. Mikono haina ganzi, sina homa. Nilikwenda kliniki moja karibu na nyumbani wakapima malaria, hakuna. Daktari akanitazama, akatazama simu niliyoshika, akasema "ugonjwa wako ndio huo," akaniandikia vidonge vya maumivu. Vikiisha, shingo inarudi palepale.

Tangu hapo kila mtu amekuwa daktari wangu. Bibi yangu wa Bombo anasema shingo itabaki imepinda hivihivi mpaka nizeeke nayo. Rafiki yangu amenitumia video inayosema vijana wanaota pembe nyuma ya kichwa kwa sababu ya simu, na kweli nikajipapasa kisogoni nikakuta kinundu! Kinyozi wa kaka yangu anasema nimpelekee hiyo shingo, ataizungusha mara moja ilie "ko!" na mambo yataisha. Jirani yetu amenikopesha kola ya shingo aliyopewa alipopata ajali. Nimeivaa dukani siku mbili, wateja wote wakanipa pole.

Wiki iliyopita ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Nilikuwa navuka barabara karibu na Old Taxi Park huku nasoma oda ya mteja wa Koboko. Boda ikatokea upande ambao haikupaswa kutokea, kioo chake kikanasa mkoba wangu, nikaenda chini kwa magoti mawili. Nashukuru Mungu simu haikuvunjika. Ila ile oda niliandika pisi 12 badala ya 21, mzigo ukaenda pungufu, bosi akanisema mbele ya watu mpaka nikalia.

Mimi simu siwezi kuiacha, ndiyo kazi na ndiyo maisha. Hata usiku, nikishaingia ndani ya neti saa nne ndio muda wangu mwenyewe, natazama tamthilia na kuongea na mchumba wangu aliye Gulu mpaka saa saba.

Naomba uniambie, Somo: shingo yangu imeshaharibika? Nifundishe namna nzuri ya kushika simu nikiwa natembea ili nisiumie. Na huyu bosi nimwambie nini?

Ni mimi, Shingo Ngumu, Kikuubo.

* * *

Marahaba, binti yangu. Pole kwa magoti.

Umeshukuru Mungu kwa simu kutovunjika. Mimi nimeshukuru kwa hayo magoti, maana boda inayotosha kunasa mkoba inatosha pia kunasa mtu. Jina la Shingo Ngumu umejichagulia vizuri, kwa sababu najua utabisha nikikwambia kwamba swali lako la pili sitalijibu. Namna nzuri ya kushika simu ukitembea katikati ya Kampala haipo. Nimefanya kazi ya tiba ya viungo hospitalini mpaka nikastaafu, na kama ingekuwapo ningeshaiuza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Kikuubo hadi Arua Park ni dakika kumi, watu wakibanana kumi na tano. Kwenda na kurudi mara tatu, tuseme saa moja na robo. Na katika hiyo saa moja na robo unainua kichwa, unamkwepa mwenye toroli, unageuka kumtafuta mchukuzi, unapigwa kikumbo, unainama tena. Shingo yako njiani inachezacheza. Halafu mwishoni, kwa mstari mmoja tu, kama jambo lisilohusika, umeniambia kuhusu neti. Saa nne mpaka saa saba ni saa tatu. Najua umelalaje, kwa sababu wote hulala hivyo: mto umekunjwa mara mbili, kidevu kimegusa kifua, simu imesimamishwa juu ya tumbo, na hakuna kinachosogea isipokuwa kidole gumba. Halafu usingizi wa saa nne au tano, na asubuhi shingo ya mbao. Barabara ingekuwa ndiyo mkosaji mkuu, ungeumia zaidi jioni ukitoka kazini. Wewe unaumia zaidi unapotoka kitandani.

Kwa hiyo una matatizo mawili na umeyafunga robota moja. Shingo inaumia zaidi kitandani. Njiani kilicho hatarini ni roho. Nianze na shingo, kwa kuwa ndiyo iliyokutia hofu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 na kidogo, yaani kama mfuko wa kilo 5 wa unga wa posho. Ukisimama wima mfuko huo unakaa juu ya mifupa 7 ya shingo kama paa juu ya nguzo, na misuli inasaidia tu. Ukiinamisha kichwa, mfuko unatoka nje ya nguzo, na sasa misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayouvuta usidondoke. Chukua jerikani ndogo ya lita 5, ibane kifuani: nyepesi. Ishike kwa mkono ulionyooka mbele yako: hata dakika mbili hutafika. Maji hayajaongezeka, umbali ndio umeongezeka.

Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alilipigia hesabu jambo hili kwa kutumia modeli ya kompyuta. Akapata kwamba ukiinamisha kichwa nyuzi 15 mzigo kwenye shingo unakuwa kama kilo 12, nyuzi 30 kama kilo 18, na nyuzi 60 kama kilo 27. Kilo 27 ni jerikani ya maji ya lita 20, na ya lita 5 juu yake, na bado hujamaliza. Mchoro wake ndio unaozunguka kwenye simu zenu hadi leo, na ndio umewatia watu kiwewe.

Lakini hiyo ilikuwa hesabu ya kompyuta. Hakuna mtu aliyefungwa mzani shingoni, wala hesabu hiyo haikuonyesha kwamba shingo iliyobeba hivyo huharibika. Shingo imeumbwa iiname. Mama anayefua kwenye beseni ameinama kuliko wewe. Anayepalilia mahindi, anayesuka mkeka, fundi cherehani, mwanafunzi na daftari lake, wote wameinama tangu kabla babu yako hajaona simu. Huko Rio de Janeiro watafiti walichukua vijana 150 wa miaka 18 hadi 21, wakawapiga picha wakiwa wanaandika kwenye simu, wataalamu wa viungo wakatenganisha wenye ile wanayoiita shingo ya simu na wasio nayo, kisha wakatazama nani anaumwa shingo. Wenye kuinama hawakuonekana kuumwa kuliko wenzao. Utafiti ulichapishwa 2018. Sisemi kuinama hakuchoshi. Nasema mkao wenyewe si sumu. Kinachochosha ni kukaa katika mkao mmoja muda mrefu bila kusogea, hata ungekuwa mkao mzuri wa kupigiwa picha ya pasipoti. Ukichanganya na usingizi mdogo, mwili usiofanya mazoezi, na moyo unaoruka kila simu ikilia ukijua ni bosi, shingo italalamika. Usishangae nikikutajia moyo. Watu wenye wasiwasi hupandisha mabega bila kujua, na jioni mabega hayo hudai malipo kupitia kichwa.

Kwa hiyo hapana, shingo yako haijaharibika. Imechoka na imekaza, na inalalamika kwa sauti kubwa. Bibi yako mwambie haitabaki imepinda.

Kuhusu pembe. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Australia walichapisha makala kuhusu picha za eksirei, wakieleza uvimbe wa mfupa nyuma ya fuvu waliouona kwa vijana wengi kuliko walivyotarajia. Mwaka uliofuata magazeti ya dunia yakapuliza tarumbeta kwamba simu zinawaotesha watu pembe. Shida ni kwamba katika ile kazi hakuna aliyepima matumizi ya simu ya mtu hata mmoja. Maswali yakawa mengi, na baadaye jarida lenyewe likachapisha masahihisho. Hicho kinundu ulichokipapasa ni mahali misuli na kano za shingo zinaposhika kwenye fuvu. Mimi ninacho, babu yangu alikuwa nacho kikubwa kuliko changu, na alikufa hajui WhatsApp ni nini.

Na kinyozi abaki na nywele za kaka yako. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu vijana wengi wameshafanya jambo hili mtindo. Ndani ya mifupa ya shingo, kulia na kushoto, hupita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo. Ukizungusha shingo kwa nguvu na kwa ghafla, mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, ila likitokea haliombwi radhi. Ule mlio wa "ko" si mfupa kurudi mahali pake. Ni viputo vya gesi kwenye maji ya kiungo, kama unavyoalisha vidole.

Sasa twende barabarani, na huku ndiko nitakakokugombeza.

Mtu anapotembea hatazami miguu yake. Macho yapo hatua kadhaa mbele, yanasoma: hapa kuna shimo, pale kuna ganda la ndizi, yule na mzigo anakuja kwangu. Kichwa kinajitegemea, kiwiliwili kinayumba huku kichwa kinatulia na kugeuka kinapotaka, na sikio la ndani linaupa ubongo habari za usawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwatembeza watu 26 mwaka 2014, mara bila kugusa simu, mara wakisoma ujumbe, mara wakiandika. Waliposoma walipunguza mwendo, na walipoandika wakapunguza zaidi. Wakashindwa kwenda moja kwa moja, wakawa wanapinda njia. Na kichwa kikafungamana na kifua, vikawa vinasogea pamoja kama kitu kimoja, ili kioo kisitikisike mbele ya macho. Yaani unapoandika ukitembea unatembea kama mtu aliyebeba bakuli la supu iliyojaa pomoni, na macho yote yapo kwenye supu. Na hao walitembea mahali patupu. Hawakuwa Luwum Street saa sita mchana.

Jilinganishe na bibi yako wa Bombo. Najua amebeba maji maisha yake yote; ngata kichwani, jerikani juu, shingo kama mlingoti wa jahazi. Kichwa chake nacho hakitikisiki, lakini macho yapo njiani, mikono ipo huru, na kiuno kinafanya kazi ya kusawazisha. Simsifii mzigo, nimetibu akina mama wengi ambao maji yamewamaliza shingo na mgongo. Nasema tu kwamba yeye na kilo zake 20 anaiona boda kabla yako wewe na simu ya gramu mia mbili.

Na boda za Kampala unazijua. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mtoto hufundishwa kutazama kulia kwanza, lakini boda haikusoma kitabu hicho. Inatoka kushoto, inapanda njia ya watembea kwa miguu, inapita katikati ya taksi mbili zilizosimama. Ripoti za polisi za kila mwaka zinasema jambo lilelile: wanaokufa zaidi kwenye barabara zetu ni wenye pikipiki na waendao kwa miguu. Baba yako akiwa polisi atakuwa ameokota simu nyingi barabarani ambazo bado zilikuwa zinalia. Huko Honolulu, Marekani, tangu Oktoba 2017, mtu akivuka barabara huku anatazama simu anaweza kutozwa faini. Hapa faini unalipa kwa magoti, na wewe umelipa kidogo.

Kuna watakaokuambia inua simu mpaka usawa wa macho, shingo isiiname. Kwenye kiti, sawa. Ukitembea Kampala, simu iliyoinuliwa usawa wa macho ni tangazo la zawadi. Mpita na boda ataichukua hata kabla hujaandika "karibu mteja." Na hata asipoichukua, bado huioni barabara, unakiona kioo. Kuna watakaosema tumia ujumbe wa sauti. Ni afadhali kidogo, macho yanakuwa huru, lakini akili imekwenda Koboko kuhesabu pisi, na masikio yakiwa na vipokea sauti vyote viwili hutaisikia hata honi ya roli. Ujumbe wa sauti utume ukiwa umesimama.

Neno langu la barabarani ni hilohilo: simama ndipo uandike. Tafuta vituo vitatu njiani na uviweke kama taksi inavyoweka steji zake. Kimoja kabla hujatoka kwenye uchochoro wa Kikuubo, kwenye baraza la duka la mtu unayemjua. Cha pili katikati ya njia, kabla ya kuvuka barabara kubwa. Cha tatu Arua Park penyewe, mzigo ukiwa umeshapokelewa. Ukifika kituoni egemeza mgongo ukutani, viwiko vibane mbavuni, simu ishike kwa mikono miwili juu ya kifua, na ushushe macho badala ya kushusha kichwa chote. Ukuta unakulinda na mkwapuzi wa nyuma, na kwa mkao huo shingo inapata nafuu. Jibu wote waliokusubiri, soma oda mara mbili, kisha simu iingie mkobani, zipu ifungwe, mkoba uwe mbele. Usiitoe mpaka kituo kinachofuata. Mchukuzi atanung'unika mara ya kwanza. Mnunulie rolex, ile chapati ya kukunjiwa yai, ya yai moja, atazoea.

Shingo nayo itibu hivi. Simu isiingie ndani ya neti. Najua neno hili ni gumu kwa mtu mwenye mchumba Gulu, kwa hiyo sikukatazi kuongea naye. Ongea naye umeketi, mgongo umeegemea ukuta, au ukitembea uani, kisha saa tano simu iende mezani ikachajiwe huko. Tamthilia itazame siku ya mapumziko, simu ikiwa imeegemezwa juu ya kitu kirefu. Mto uwe mmoja, wa kujaza ule mwanya kati ya bega na kichwa ukilala ubavu, wala usilale kifudifudi.

Asubuhi weka kitambaa cha maji ya moto shingoni dakika kumi, kisha geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, mpaka pale kinapokataa, bila kulazimisha. Dukani, kila ukimaliza kuhudumia mteja, vuta kidevu nyuma kama unayetaka kuonyesha videvu viwili, hesabu mpaka tano, achia, mara kumi. Utaonekana kituko, acha waone. Halafu weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa na kiganja vishindane bila kichwa kusogea, hesabu tano. Fanya hivyo na kisogoni, na pembeni zote mbili. Misuli yenye nguvu huumia kidogo kuliko misuli iliyopumzishwa, na ndiyo maana sipendi kola. Usitegemee muujiza wa siku mbili, haya huchukua wiki nne, sita. Na zile safari zako tatu, ukizitembea kichwa kikiwa juu na mikono ikipunga, zenyewe ni dawa, maana kutembea kunalegeza mabega kuliko mafuta yoyote wanayouza kwenye mabasi.

Vidonge usivifanye chakula. Panadol siku mbaya, basi. Vile vikali vinavyochoma tumbo usimeze mwezi mzima kwa sababu tu duka la dawa halikuulizi cheti.

Umeniambia huna ganzi wala homa, na hilo limenituliza. Lakini yakibadilika usiningoje mimi niandike tena. Mkono ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, vitu vikakuponyoka, miguu ikawa mizito au unayumba, mkojo au choo vikawa vigumu kuzuia, nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo. Shingo ikikaza pamoja na homa kali, kichwa na kutapika, ni haraka zaidi, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo haina mzaha. Na ukiona unakonda, unatoka jasho usiku, na maumivu ya mfupa hayatulii hata ukilala, omba upimwe kifua kikuu. Watu wengi hawajui kwamba hukaa na kwenye uti wa mgongo. Ule mtindo wa kutazama simu ya mgonjwa na kusema "ndio huo" umewahi kuficha magonjwa ya kweli. Daktari wako alipaswa kukushika hiyo shingo, akakugeuza kichwa, akakupima nguvu za mikono. Ukirudi, mwombe afanye hivyo.

Tumebaki na bosi. Usiende kwake na habari za shingo, atakuambia hata yeye inamuuma. Nenda na habari za vitenge. Subiri jioni, mahesabu yamefungwa, akiwa peke yake, umwambie: "Mama, ile oda ya Koboko niliiandika nikiwa katikati ya barabara. Pisi tisa zilibaki, tukalipa gari mara ya pili, na mteja amekasirika. Nikisimama mahali pamoja nikajibu, sikosei. Naomba nikiwa njiani wateja wangoje dakika kumi." Halafu usimwachie kazi ya kufikiri, mpe na dawa. Kwenye WhatsApp Business mnaweza kuweka ujumbe unaojituma wenyewe: "Tupo njiani na mizigo, tutakujibu ndani ya dakika kumi." Mteja wa Juba aliyengoja gari siku mbili hashindwi na dakika kumi. Na kwa kuwa akaunti ipo kwenye simu yake pia, wewe ukiwa njiani anaweza kumjibu mteja yeye mwenyewe; nina hakika akifanya hivyo siku mbili atakuelewa.

Akikataa kabisa, mwambie kwa heshima kwamba ukigongwa ukiwa umebeba mzigo wake saa za kazi, hiyo ni ajali ya kazini, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi inamwangalia mwajiri. Lakini liwe neno la mwisho, usianze nalo. Mama mchapakazi hapendi kusikia sheria kabla ya chai.

Ile kola mrudishie jirani wiki hii. Alipewa yeye kwa ajali yake, na wewe ukiendelea kuivaa misuli italala zaidi. Ifue kwanza kwa sabuni na uianike kivulini, maana jasho la Kikuubo si la kumrudishia mtu.

Somo